Moshi wa Bibi na Kengele ya Shingoni

Vitabu vya historia tulivyosomeshwa kuanzia darasa la tano hadi kidato cha nne vimejaa vita, mikataba na majina ya magavana pamoja na miaka yao ya kuja na kuondoka. Sikumbuki ukurasa hata mmoja uliouliza swali hili: mzee aliye peke yake ndani ya nyumba, usiku, akianguka akashindwa kuinuka, nani atajua? Na huyo atakayejua, atajuaje? Utaniambia hilo si swali la historia, hilo ni la ukoo. Haya. Lakini kila zama katika nchi hii zilikuwa na jibu lake, na jibu linapobadilika basi hapo pana historia, hata kama Baraza la Mitihani halitaitungia swali kamwe.

Jambo lenyewe linanihusu. Bibi yangu mzaa mama anaishi Mpale, wilaya ya Korogwe, kule juu Usambara ya Magharibi. Ukisimama ukingoni mwa mlima unaitazama nyika yote iko chini yako: bonde la mto Pangani, makonge yamepangwa kwa mistari kama daftari la mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri, na mbele kabisa, ambako macho yanaanza kudanganya, nchi ya Handeni kwa Wazigua. Bibi amepita miaka 80. Babu alishatangulia, watoto wametawanyika Tanga, Dar es Salaam na Morogoro, na yeye anakaa peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu yenye jiko nyuma. Wajomba wamembembeleza ashuke, hataki. Mama mdogo alimjengea chumba kabisa, na choo cha ndani. Alikaa wiki mbili akaomba nauli. Akiulizwa sababu husema mjini kila mlango una mwenyewe, na yeye amezoea mlango wake.

Basi katika kuhangaika kwetu, nani ampigie, nani amtazame, nikaanza kuuliza wazee zamani ilikuwaje. Nilichokipata ndicho ninachokuandikia.

Tuanze na sauti. Milimani sauti ni mali. Kutoka nyumba ya bibi hadi nyumba ya ng'ambo ya bonde ni nusu saa ya kuteremka na kupanda, magoti yakilia, lakini kwa sauti ni hatua moja tu. Watu wa huko huongea bonde kwa bonde, huulizana habari za mgonjwa, hukumbushana deni (hili la deni kila mtu analisikia, na nadhani ndiyo maana linalipwa). Yowe nalo lilikuwa na sheria yake isiyoandikwa: ukilisikia unaacha jembe unakimbia, na aliyebaki amekaa ataulizwa kesho alikuwa anafanya nini. Tusidhani ni mambo ya Waafrika peke yao. Waingereza walikuwa na desturi hiyohiyo, ila wao waliiandika: Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 iliagiza kwamba yowe likipigwa watu wamfuate mhalifu kutoka mji hadi mji. Tofauti ni kwamba wao walilipoteza yowe mapema zaidi kuliko sisi, na utaona mbele walilazimika kulinunua tena dukani.

Kulikuwa na wakati ambapo yowe la usiku huku kwetu halikuwa na maana ya mgonjwa hata kidogo. Mwezi Februari 1857 Wazungu wawili, Burton na Speke, walipanda hadi Vugha, mji mkuu wa Washambaa, kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Walimkuta mzee sana, amechoka, na katika maandishi ya Burton mfalme yule aliyetawala milima na sehemu ya pwani aliwataka wageni wale wampe dawa ya kumrudishia nguvu. Mimi hapo husimama kidogo. Mtu mwenye wake na watumwa na walinzi wa kila namna, asiyeweza kuteleza bila watu kumi kumdaka, na bado anachoomba ndicho anachoomba mzee yeyote. Alifariki mwaka 1862, na baada yake watoto na wajukuu wakagombana. Semboja akawa na ngome yake Mazinde chini nyikani, kwenye njia ya misafara, bunduki na risasi zikaingia kwa wingi, na watu wakawa ndio bidhaa. Katika miaka ile ukisikia yowe unakimbia, naam, lakini kwanza uamue unakimbilia upande upi. Wazigua wa nyikani walizungushia vijiji vyao boma la miti na miiba, lango likafungwa jua likizama. Ndani ya boma hakuna anayekaa mbali na mwenziwe. Hakika mzee alikuwa na watu wa kumsikia. Bei yake ilikuwa ni hofu.

Nimewataja Wazigua, basi niseme na hili ingawa linanitoa njiani. Katika karne hiyohiyo ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa hadi Somalia, wakakaa huko kando ya mto Juba vizazi na vizazi bila kuisahau lugha yao. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 wakakimbia tena. Wengine walirudi hapa hapa, wakapewa ardhi Chogo, wilaya ya Handeni, na baadaye uraia. Wengine walichukuliwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Kwa hiyo leo wapo wazee wenye asili ya Handeni wanaosema Kizigua ghorofani katika miji ya Marekani, katika nchi ambayo mzee kuishi peke yake si habari. Siku moja mtu aandike riwaya juu yao. Kama hakuna atakayejitokeza nitajaribu mimi.

Turudi kwenye yowe. Lina kasoro moja kubwa: linataka pumzi. Mwenye kuvamiwa hupiga yowe, mwenye kufiwa hupiga yowe, lakini bibi aliyeanguka akavunjika nyonga sauti yake haivuki hata kizingiti. Ndipo ninapoona akili ya watu wa kale, akili ambayo sijaiona ikisifiwa popote. Hawakusubiri mzee aite. Walitazama alama yake ya kila siku, na alama ikikosekana ndiyo inayoita. Mpale alama hiyo ni moshi. Nyumba za zamani za Washambaa zilikuwa za duara, zimeezekwa nyasi, na moshi wa alfajiri ulikuwa ukichuja katika paa zima kama nyumba inatoa jasho. Jirani akitoka nje kunawa uso anatupa jicho ng'ambo: moshi upo, kazi iendelee. Moshi haupo, anamtuma mtoto. Hakuna aliyeitwa mlinzi, hakuna aliyelipwa, na mwenye nyumba mwenyewe wala haoni kwamba anachungwa, maana kuwasha moto ni shughuli yake tu. Mabati yalipokuja jiko likahamia kibanda cha nyuma, lakini moshi uliendelea kusema.

Wajerumani walileta alama nyingine: chuma. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kabla ya hapo, mwaka 1893, Dk. Richard Hindorf alikuwa ameshaagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba ya bonde lote: Ngombezi, Magunga, Hale, Mnyuzi na mengineyo. Kipande cha reli kikaning'inizwa mtini, kikagongwa alfajiri, na maelfu ya watu wakaamka kwa mlio mmoja. Watu hao walikuwa manamba, na neno lenyewe unajua lilikotoka: namba. Waliletwa kutoka Songea, Kigoma, Njombe, Ruanda-Urundi hadi Msumbiji, na kuanzia miaka ya 1940 ilikuwapo ofisi maalumu ya wenye mashamba, SILABU, ya kuwaandika na kuwasafirisha. Asubuhi msimamizi alikuwa anahesabu. Asiyeonekana hufuatwa kambini. Ukitazama haraka utasema huo nao ni utaratibu wa kumjua aliyeanguka, na kweli namba ikikosekana mtu alikuwa anatumwa. Lakini alitumwa kutafuta mikono. Siku mikono inapochoka, namba inafutwa daftarini, na kesho yake hakuna anayekuja kugonga mlango.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani kama 230,000 za katani, ikaongoza duniani. Kisha bei ikaanguka kwa sababu ya kamba za plastiki. Mashamba mengi yakataifishwa Oktoba 1967, uzalishaji ukaendelea kushuka, mengine yakawa vichaka kabla ya kuuzwa tena kwa watu binafsi miaka ya 1990. Katika kambi walibaki wazee. Hawakurudi kwao kwa sababu kwao kulikuwa mbali, nauli hakuna, na aliyewakumbuka huko alishakufa. Mimi nimekua nikiwaona wazee wa namna hiyo stendi ya Korogwe na vijijini chini, wanaosema Kiswahili cha lafudhi ambayo hapo si pao. Hao hawana moshi unaotazamwa na ndugu. Serikali ilikuwa na makazi ya wazee wasiojiweza hapa na pale, kwa Tanga ni Mwanzange, lakini nafasi za makazi yote nchini ni chache mno ukilinganisha na wanaohitaji. Nimeyaeleza kwa urefu kwa makusudi: tunapenda kusema Mwafrika hamtupi mzee wake. Hebu tumwulize aliyezeeka katika kambi ya mkonge.

Uhuru ulipokuja ukaja na balozi. Katikati ya miaka ya 1960 TANU iliunda mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na kiongozi wake aliyechaguliwa na wenye nyumba hizo. Vijana wa leo mkisikia balozi mnafikiria gari lenye bendera. Huyu alikuwa mtu wa jirani mwenye kaptula na baiskeli. Alikusanya ada, aliamua ugomvi wa mke na mume, alimjua mgeni aliyelala kwa nani. Na alijua nani hajaonekana tangu juzi. Kwa mara ya kwanza jirani kumtazama jirani ikawa kazi ya nchi nzima yenye cheo. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipotaka kila mtu afanye kazi liliwatoa watoto wadogo, wazee na wasiojiweza, kwamba hao ni halali yao kutunzwa. Kwenye karatasi mambo yalikuwa yamekamilika.

Ila jicho la balozi lilikuwa na pande mbili, na wazee wanalisema hilo kwa sauti ya chini hata sasa. Jicho linaloona kwamba bibi hajatoka ndilo hilohilo linaloona bibi kapata wageni usiku, na mgeni kaja na gunia la nini. Bibi yangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alinieleza hivi: "Mume wangu," ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mjukuu, "balozi alikuwa akija kunijulia hali, nikishamjibu haondoki." Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Kenya walipoiga nyumba kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, waliichukua kwa ajili ya usalama, yaani upande ule wa kuuliza mgeni ni nani. Upande wa kuuliza bibi kaamkaje sikuusikia ukitangazwa.

Kuanzia Novemba 1973 hadi 1976 ikaja Operesheni Vijiji. Nyikani, upande wa Handeni, watu waliokuwa wametawanyika walihamishwa wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Mlimani, ambako watu walishabanana, haikuwa na kishindo hicho. Kwa swali letu operesheni ilifanya mambo mawili kwa mpigo mmoja. Ilimsogeza mzee karibu na jirani, zahanati na shule. Na ilimwondoa penye makaburi, miembe, na watu waliojua moshi wake unatoka saa ngapi. Jirani mpya yuko hatua ishirini lakini hajui desturi yako. Nikilazimishwa kuchagua, nitasema ukaribu bila mazoea haumsaidii sana aliyeanguka, ingawa najua wapo watakaobisha, na wana hoja, hasa akina mama waliojifungua salama kwa sababu zahanati ilikuwa karibu.

Siasa za vyama vingi ziliporudi mwaka 1992, mashina yalibaki kuwa ya CCM, siyo ya serikali. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyebaki na kazi za serikali, na kitongoji ni kikubwa, nyumba haziishii kumi wala hamsini. Hakuna aliyetangaza kwamba kuanzia leo wazee hawana mtu wa kuwatazama. Mambo ya namna hii hayatangazwi.

Na sisi tuliokuwa mbali tulijuaje? Kwa telegramu. Mtu alishuka kutoka Mpale hadi posta ya Korogwe, akahesabu maneno kwa sababu kila neno lina bei, akaandika kwamba bibi mgonjwa njoo. Mama anasimulia kwamba maneno hayo yaliogopwa, kwani watu walikuwa wakiandika mgonjwa hata kama ameshazikwa, ili msafiri asizimie njiani. Kisha kulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC Taifa, na matangazo yake ya vifo. Fulani wa Korogwe anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari ziwafikie fulani wa Tabora na fulani wa Mtwara. Nyumba nzima ilinyamaza. Nchi nzima ilikuwa na kengele moja, lakini ilikuwa kengele ya kuwaita kwenye msiba. Ya kuwaita mapema zaidi haikuwapo.

Sasa nivuke bahari. Wakati sisi tuko kwenye vijiji, wenzetu wa Ulaya na Marekani walikuwa wamefika mahali pagumu. Wazee wao waliishi miaka mingi zaidi, watoto walishahama, jirani hajuani na jirani, na jiko la gesi halitoi moshi. Mzee anaanguka bafuni Ijumaa, anakutwa Jumatatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mjerumani Wilhelm Hormann akabuni kengele ya nyumbani ya kuita msaada, na Marekani, mwaka 1974, mwanasaikolojia Andrew Dibner akaanzisha kampuni ya Lifeline kwa wazo la jinsi hiyo. Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Mzee anavaa kitufe shingoni kama kidani, au mkononi kama saa. Akianguka anakibonyeza. Kitufe kinatuma mawimbi ya redio kwenye kisanduku kilichounganishwa na simu ya nyumba, kisanduku kinapiga chenyewe kituoni, na mtu aliyeko kituoni usiku na mchana anazungumza na mzee kwa spika: mama, kulikoni? Mbele ya mtu huyo kuna jina, anwani, ugonjwa, na orodha ya wenye ufunguo wa mlango. Anampigia jirani, au gari la wagonjwa.

Mwaka 1989 tangazo la televisheni la kampuni nyingine ya Marekani lilimwonyesha bibi kalala sakafuni akilalamika kwamba kaanguka na hawezi kuinuka. Wamarekani wakaligeuza kichekesho, likachapwa hadi kwenye fulana. Nadhani walicheka kwa sababu waliogopa.

Sitaki kudharau kifaa hicho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na waliozidi miaka 60 ndio wengi. Waganga wanasema saa za kulala chini baada ya kuanguka huweza kuua hata pale ambapo mfupa haukuvunjika, kwa baridi, kiu na misuli kuharibika. Kwa hiyo kitufe kinaokoa. Sweden halmashauri za miji huwapa wazee. Lakini kina kasoro ileile ya yowe: kinataka mtu wa kukibonyeza. Aliyezimia habonyezi, na wengi hukivua wakati wa kuoga, ndipo wanapoteleza. Kwa ajili hiyo wameongeza vifaa vinavyohisi mzee akianguka, vinavyohisi mlango haujafunguliwa, kitanda hakijaachwa, birika la chai halijawashwa hadi saa nne asubuhi. Soma tena hapo. Birika halijawashwa! Wamezunguka dunia nzima kwa waya na kompyuta, wamefika kwenye moshi wa Mpale.

Nao pia wana tatizo lao la balozi. Kifaa kinachojua mzee kaamka mara ngapi kwenda chooni kinampelekea nani habari hizo? Kuna wazee wanaofunika kamera kwa kitambaa. Tena huko Uingereza simu za waya za zamani zinaondolewa, na vifaa vingi vya wazee vilikuwa vimeunganishwa humo. Kampuni za simu zilipowahamisha watu baadhi ya vitufe vikashindwa kuita, na mwaka 2024 tarehe ya kuzima laini zote ikasogezwa hadi Januari 2027. Nchi tajiri, na bado uhai wa bibi unategemea fundi wa simu. Na mikono ya kumwinua inatafutwa hata huku kwetu: mwaka 2021 Kenya ilitia saini na Uingereza makubaliano ya kupeleka wauguzi.

Turudi nyumbani. Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, Vodacom ikaja mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, na taratibu minara ikapanda milima. Walioleta simu walifikiria biashara. Watu wa kawaida wakabuni kubipu: unapiga, inaita mara moja, unakata, hujalipa kitu. Sijui nani aliyebipu wa kwanza lakini anastahili sanamu, kwa sababu ndiye aliyewapa maskini kitufe chao bila kulipia kituo.

Serikali nayo imeonyesha kwamba kituo kinawezekana. Mpango wa m-mama ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua uenee nchi nzima. Mjamzito mwenye dharura, au aliyejifungua, au mtoto mchanga, anapigiwa 115 bure. Aliyeko kituoni anauliza maswali, anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo anampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Mimi nilipousoma utaratibu huo nilisimama nikazunguka meza. Hiki ndicho kituo cha Dibner, tena hakina haja ya kisanduku! Kinachokosekana ni neno moja tu kwenye orodha ya wanaohudumiwa: mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003, ikamtaja mzee kuwa ni wa miaka 60 na kuendelea, ikaitaja familia kuwa ndiyo tegemeo lake la msingi. Zanzibar walikwenda mbele zaidi wakaanza Aprili 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye wakaiongeza. Hizo ni hatua. Lakini kwa usiku ule wa kuanguka, familia ndiyo tegemeo, na familia iko Morogoro.

Sasa nisimulie la kwetu. Masika ya mwaka juzi bibi aliteleza jikoni usiku. Simu ilikuwa chumbani, inachajiwa kwenye kile kipaneli cha umeme wa jua alichonunuliwa na mjomba. Aliita, sauti ikaliwa na mvua kwenye bati. Alilala pale sakafuni hadi jua lilipochomoza. Ng'ambo ya bonde mama mmoja, rika la shangazi zangu, alitoka kunawa uso, akatazama, hakuona moshi. Hakutuma mtoto kwa sababu hana mtoto wa kutuma siku hizi. Alikuja mwenyewe, akiteremka na kupanda katika utelezi. Mkono wa bibi ulikuwa umevunjika. Nyonga, tunamshukuru Mungu, ilikuwa nzima.

Baada ya hapo ukakaliwa kikao cha ukoo, na mjomba mkubwa akasema mama ahamishwe, akubali asikubali. Mama mdogo akasema kumhamisha mtu kwa nguvu ndiko kumwua. Walibishana hadi chai ikapoa. Bibi alikuwapo, mkono umefungwa plasta, akasikiliza weee, halafu akauliza kama kuna yeyote kati yao ambaye yeye alimlazimisha kukaa Mpale. Hakuna aliyejibu. Kule Ulaya huduma hizi huziita za kumsaidia mzee aishi kwa kujitegemea, na sisi neno hilo la kujitegemea tuliliimba shuleni mstarini bila kufikiri kwamba lingeweza kuwa la bibi kizee mwenye mkono mmoja mzima.

Tumekubaliana hivi. Simu yake ya vitufe imeshonewa mfuko wa kitenge, anaivaa shingoni, hata jikoni. Kila asubuhi akishawasha moto ananibipu. Mimi sipokei, nikipokea ananigombeza kwa kumla salio. Ikifika saa mbili hajabipu, nampigia yule mama wa ng'ambo, na nisipompata yeye nampigia mwenye duka la njia panda, ambaye ana pikipiki. Kwa mwezi tunampelekea mwenye duka kitu kidogo, na yule mama tunampelekea sukari na sabuni, maana fedha alizikataa. Wiki mbili zilizopita mvua ilikata mtandao siku mbili nzima. Siku ya tatu simu ya yule mama ikashika. Hata sikumaliza salamu, akanijibu moshi upo mwanangu, nimeuona sasa hivi.

Mwezi wa nane anatimiza miaka 71. Watoto wake wote wako Dar es Salaam, na moshi wake yeye, kwa jinsi nyumba zilivyokaa, unaonekana vizuri kutoka kwa bibi tu.